Pikapu ya Mapaa Mawili

Usiku wa jana niliota niko Mbeya mjini kwenye yadi ya magari, nimejitwika mkungu wa ndizi, na mkungu unaniuliza kama tumefika au bado.

Nikauambia tumefika. Ukasema afadhali, maana shingo inauma. Nikauuliza shingo ya nani, kwa sababu aliyebeba ni mimi.

Yadi ile naifahamu. Nimeshaenda pale nikiwa macho, na kitenge changu cha kutokea. Ina geti la bluu, ina kokoto nyeupe, na ndani ya ofisi kuna benchi la mbao na mashine ya maji yenye bomba jekundu linalotoa maji ya baridi na bomba la bluu lisilotoa kitu. Hapo ndipo tulipoagiza pikapu yetu mpya. Tuliagiza maparachichi yakiwa maua. Sasa maparachichi yameshachumwa, yameliwa, na mbegu zake wajukuu wamechezea mpaka wamezichoka. Mpaka jana pikapu bado.

Nieleze kwanza kwa nini tunaitaka, ndipo mtaelewa kwa nini sikushangaa sana na yaliyofuata.

Mume wangu, mzee Asegelile, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali wamempangia apasuliwe Alhamisi hii. Madaktari wenyewe wa macho ni wa kuja na kuondoka; wakiondoka, kuwapata tena ni mpaka mwakani, na mzee sasa hivi anamimina chai pembeni ya kikombe. Kwetu ni juu, Rungwe, barabara ni matope na mawe, na nyonga za mzee hazikubali pikipiki. Kwa hiyo ni gari. Mwanangu Anyosisye yuko mgodini, mbali. Nyumbani mwenye leseni ni mmoja tu, naye ni Tusekile, mke wa Anyosisye.

Hapo ndipo penye kazi.

Kwetu mke wa mtoto hakai na baba mkwe chini ya paa moja. Hamtazami, halitaji jina lake, akimwona anakuja anaingia migombani mpaka apite. Wengi siku hizi wamelegeza. Mzee wangu hajalegeza. Tusekile naye kalelewa na bibi yake, hajalegeza. Jiko lake liko nje, na paa lake la bati. Chakula anakileta mpaka mlangoni, anakiweka chini, anakohoa, anaondoka. Mzee akitaka kusema chumvi imezidi, ananiambia mimi, natoka mpaka jikoni nasema chumvi imezidi. Tusekile akitaka kusema samahani, ananiambia mimi, narudi ndani nasema samahani. Tangu harusi yao hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ndiyo simu yao, ila siwekewi vocha.

Sasa pikapu ina paa moja.

Niliposikia ziko pikapu za dabo kabini nilifurahi. Kabini mbili, nikajua ni vyumba viwili, kila kimoja na ukuta wake na paa lake, kama nyumba za kupangisha. Nikaagiza hiyo. Baadaye Vaileth, dada wa mauzo pale yadi, akanionyesha picha kwenye simu. Milango minne, paa moja refu. Mzee akaikataa, nikamwambia Vaileth hapana mwanangu, badilisha. Akabadilisha.

Mzee akasema basi iwe kabini moja, Tusekile aendeshe, yeye atakaa nyuma kwenye bodi, kwenye kiti chake cha kamba. Tusekile akasema, kupitia kwangu, kwamba hawezi kumpakia baba nyuma kama mkungu wa ndizi, ajae vumbi na macho yametoka kupasuliwa. Bora asiendeshe kabisa. Nikampigia Vaileth, tukabadilisha tena. Nikamwomba ya mapaa mawili. Akasema ataulizia. Na kila tukibadilisha tunarudi mwisho wa foleni. Na kila nikipiga simu naambiwa, "Iko njiani, bibi."

Basi ndiyo nikaota niko yadi.

Naikuta foleni imetoka ofisini, imezunguka kokoto, imetoka getini, imeingia nyumba ya jirani kwa mlango na kutokea dirishani. Mbele yangu yuko mama amebandika maharage. Ananiambia alipofika hapa alikuwa na kiganja cha mbegu tu. Ameyapanda hapa hapa foleni, haya ni mavuno ya pili. Mbele yake kuna harusi. Bwana harusi aliagiza lori, bibi harusi aliagiza basi dogo, wakajuana kwenye foleni. Watoto wao wakubwa wako nyuma yangu na wananiamkia vizuri sana.

Benchi linaniita. "Karibu bibi, kaa."

Nakaa. Benchi limeota mizizi miguu yote minne, na mguu mmoja una jani. Linaniuliza nimeagiza rangi gani. Nasema nyeupe.

"Nyeupe imeisha," linasema.

Nasema nitasubiri iletwe nyingine.

"Imeisha duniani," linasema. "Jana alikuja mtu akachukua iliyobaki."

Natazama, naona ni kweli. Kokoto hazina rangi tena, unaona tu mahali zilipo. Gauni la bibi harusi halina rangi, na akicheka meno yake ni hivyo hivyo. Lakini mimi ndani ya kikapu nina chupa ya maziwa, nimeyakamua mwenyewe asubuhi, na nilikuwa nimeifunga kwa gunzi la mahindi. Nachungulia. Humo ndani nyeupe ipo. Benchi linanikanyaga kidogo kwa mzizi, linaninong'oneza nifiche.

Naificha. Nafika kwa Vaileth bila kusogea. Ni meza iliyosogea.

Vaileth nikiwa macho ni binti mwenye adabu, rasta ndefu, miwani ya mviringo. Kwenye ndoto adabu anayo ile ile, ila masikio ni mengi, yameshuka mpaka mabegani, na kila sikio lina simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata pikapu."

"Iko njiani, bibi."

"Njiani wapi?"

Anashusha simu zote mezani, moja moja. Inaonekana tangu aajiriwe hajawahi kuulizwa hivyo. Anatoa rula kwenye droo, ananyoosha nayo kuelekea mlango wa choo.

"Njiani ni hapo tu," anasema. "Ukiingia, usimwamini anayekwambia amekaribia."

Nafungua mlango wa choo. Njiani ni barabara pana ya vumbi, haina mwanzo wala mwisho, na kando yake pamejaa watu na vitu vimekaa. Hakuna anayetembea. Wote wana simu na wote wanasema wanakaribia.

Wa kwanza kumwona ni fundi Mwambene, ambaye aliahidi kuja kutengeneza mlango wa jiko la Tusekile. Amekaa juu ya ubao ambao haujapigwa randa, amefunga taulo, ana povu la sabuni kichwani. Ananiona, hashtuki.

"Bibi, nakuja," anasema.

"Najua, baba. Wewe kaa tu," namwambia. Nampa ndizi moja. Mkungu unasema kidogo kidogo tutafika nyumbani na kikonyo.

Mbele yake zimekaa nguzo za umeme wa kitongoji chetu, zimekunja miguu, zinakula mahindi ya kuchoma. Zinanisalimia kwa pamoja. Mbuzi wa mahari ya mpwa wangu yupo, ameshazeeka, ana ndevu mpaka magotini, na bado anasema yuko kona ya mwisho. Mvua ya vuli ya mwaka ule wa njaa ipo pia, imejikunja kwenye karai, ina aibu. Nimeipita bila kuisema. Kila mtu na mambo yake.

Pikapu yetu naikuta majanini, imefungwa kamba ya katani kwenye kigingi, inakula. Najua ni yetu kwa sababu haina paa. Ina milango, ina usukani, ina viti vimevikwa nailoni ya kiwandani, lakini juu wazi, na mapande ya bati yamelala kando kama nguo zilizovuliwa. Rangi haina. Unaona tu majani yanapungua.

"Ugonile, bibi," inanisalimia kwa Kinyakyusa, na taa zake zinainama.

Naitikia. Naiuliza mbona haiji. Naieleza kwamba Alhamisi ni keshokutwa, kwamba mzee anamimina chai pembeni, kwamba mimi nimepiga simu mpaka simu yangu inajua kusema "iko njiani" yenyewe.

"Sijui nije na mapaa mangapi," inasema.

Natua kikapu majanini.

"Wamenifunga paa refu, mkasema livuliwe," inaendelea, bila hasira, ikitafuna. "Wamenifunga fupi, mkasema livuliwe. Juzi wakanifunga mawili, moja juu ya jingine, nikapita chini ya waya, nikaumia. Kila mkibadilisha nabomolewa. Mimi ni mpya, bibi, lakini nimeshachoka kama gari la mkaa."

Naishika kwenye boneti. Ina joto, kama ng'ombe aliyetoka kukamuliwa. Natoa gunzi kwenye chupa, namwagia maziwa kidogo kidogo, kuanzia boneti kuja milangoni, nasugua kwa ncha ya kitenge, na pale ninaposugua panakuwa peupe. Yanatosha yote isipokuwa kifuniko cha tangi la mafuta. Hapo nimepaacha, nimesema tutamalizia nyumbani.

"Twende kwetu," naiambia, "ukawasikie wenyewe."

Naifungua kamba. Nageuka, Njiani imekuwa sebuleni kwetu.

Pikapu imeingia sebuleni yote, bodi imekaa pale penye kabati la vyombo, na kabati limesogea bila kinyongo. Mzee Asegelile amekaa kwenye kiti chake cha kamba, ameligeuzia gari mgongo, anafikiri ni mgeni wa mazishi. Tusekile yuko upande wa pili wa ukuta, namsikia anapepeta. Na katikati ya sebule amesimama mkaguzi.

Mkaguzi ni mwavuli wetu. Ni ule mweusi wa mzee, wenye mpini wa mbao uliopinda, ambao siku zote unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Leo umesimama kwa ncha yake moja, umevaa kofia ya kaki, umejifunga vizuri na kifungo chake. Kwetu mvua ni nyingi, kwa hiyo mambo yote ya paa yako chini ya mwavuli. Hilo kwenye ndoto nalijua na wala siulizi.

"Nani baba mkwe?" unauliza.

"Mimi," anasema mzee.

"Nani mkwe?"

Tusekile anakohoa ukutani, kikohozi chake kile cha kuleta chakula. Mwavuli unaandika hewani kwa mpini.

"Hawa wawili," unasema, "hawaruhusiwi kuwa chini ya paa moja. Nimetazama nyumba hii, sawa. Jiko, sawa. Lakini nimetoka nje nikatazama juu. Kuna mbingu moja. Kila siku wako chini yake wote wawili, na hakuna aliyeripoti."

Mzee anasema hakujua. Mwavuli unasema kutojua si kosa, lakini itabidi igawanywe.

Inagawanywa. Kwanza nasikia sauti kama ya kupasua kitambaa cha shuka, kuanzia upande wa Kiwira kuja huku. Ufa unapita juu ya nyumba yetu, unashuka ukutani, unagawa sebule, unapita katikati ya godoro letu na katikati ya ng'ombe, ambaye anageuza shingo kutazama kisha anaendelea kucheua. Upande mmoja mbingu ya mzee, upande mwingine mbingu ya Tusekile.

Bahati mbaya walipokuwa wanapasua jua lilikuwa limekaa upande wa Tusekile. Likabaki huko.

Kwa mzee giza. Si giza la usiku, ni lile giza lake la kila siku, la maziwamaziwa, ila sasa limejaa kwenye mbingu yake yote na mimi ndani yake. Ndiyo nimeona anavyoona. Kikombe ni kivuli. Mkono wangu ni kivuli cha kivuli. Kule kwa Tusekile naona mwanga mstari mwembamba tu, kama chini ya mlango, na mvua ya huko inapiga juu ya bati lake vizuri kabisa. Huku migomba imeanza kukunja majani.

"Mama Anyosisye," anasema mzee, "taa iko wapi?"

"Iko kwa mkweo."

Anafikiri.

"Mwambie aniazime kidogo."

Naenda kwenye ufa nasema baba anaomba kuazima jua. Natulia nasikiliza. Sisikii neno, nasikia ungo unawekwa chini. Tusekile ameleta jua kwenye ungo, amelifunika kwa kitenge cha maua ya njano, ameliweka mpakani, amekohoa, ameondoka. Mwangaza unapita kwenye nyuzi za kitenge. Ni kama anavyoleta ugali, haoni na haonwi, na umefunikwa usipoe.

Mzee anapapasa mpaka ungo. Anapasha mikono yake juu ya kitenge. Halafu ananiambia kitu ambacho nikiwa macho hajawahi kuniambia, na amekisema polepole, kama anayehesabu meno kwa ulimi.

"Tatizo si gari," anasema. "Sasa hivi simwoni hata akipita mbele yangu. Heshima yetu imekaa vizuri, sifanyi kazi yoyote. Wakinipasua nikaona, nitamwona. Itabidi nianze kujificha migombani mimi mwenyewe, na nyonga hizi."

Nataka kucheka lakini mwavuli unanitazama.

"Kwa hiyo ulikuwa unabadilisha gari makusudi," namwambia.

"Makusudi kidogo," anasema mzee.

Pikapu inapiga honi. Si kubwa, ya kuomba ruhusa ya kusema. Inasema haikusudii kuingilia mambo ya familia, lakini yenyewe imesimama kwenye ufa, magurudumu mawili huku na mawili huko, na chuma chake kinaanza kupinda. Ikiwa hakuna atakayepanda, irudishwe Njiani, ilikuwa na majani yake pale.

Nasikia hata ng'ombe ameacha kucheua, nusu zote mbili.

Mimi ni mtu wa kusubiri. Nimesubiri mbolea, nimesubiri mume arudi kwenye vikao, nimesubiri watoto wa watu wengine wazaliwe na mimi nimeshika taa. Lakini hapo nimeona kwamba nikisubiri tena, Alhamisi itafika, na kesho yake si Alhamisi tena.

Naugeukia mwavuli. Nauuliza, kwa heshima zote, paa ni nini.

"Paa," unasema, "ni kitu kilicho juu ya mtu, kinachozuia mvua, chenye mbavu."

"Una mbavu ngapi?"

Unajitazama. Ni mara ya kwanza unaonekana kusita. Unasema, kwa sauti ya chini, kwamba unazo, na kwamba moja imevunjika tangu msiba wa kina Mwambene.

"Na mvua unazuia?"

"Nazuia."

Nimeunyanyua kwa mpini, nimefungua kifungo, na kofia yake ya kaki imedondoka na kujikunja kama kifaranga. Mwavuli ukifunguliwa ndani ya nyumba unatoa pumzi. Huu umetoa pumzi ndefu, kama mfanyakazi aliyeambiwa akae.

"Hili ni paa la mzee," nasema. "Atakaa nalo dirishani. Paa la gari ni la Tusekile. Mapaa mawili, gari moja."

Mwavuli unatafuta kosa. Unazunguka mkononi mwangu mara moja, unasema kweli ni mapaa mawili, lakini je, ukuta? Mapaa mawili bila ukuta ni banda la mnada.

"Ukuta ni mimi," nasema. "Nakaa katikati."

Unanigonga begani kwa ubavu wake mzima. Unasema ukuta uko imara, umekaa muda mrefu, hauna ufa. Halafu unasema sharti la mwisho, na kwa sababu nina haraka nakubali kabla ya kulifikiria.

"Ukuta hausemi."

Mapande ya bati yanapanda yenyewe, pikapu inavaa paa lake moja fupi na inashusha pumzi kwenye matairi. Tunapanda. Mzee dirishani chini ya mwavuli wake, ungo wa jua magotini. Mimi katikati, nimekaa juu ya nailoni, inalia kila nikipumua. Tusekile anaingia upande wa usukani, kichwa amefunika kitenge mpaka kwenye nyusi, macho mbele. Anafunga mkanda. Anaangalia kioo cha pembeni, na kioo kinamwambia usiwe na wasiwasi mwanangu, mimi nitatazama nyuma tu, kule mbele ya baba sitazami.

Sebule inafunguka mbele kama pazia. Tunatoka.

Jamani, Tusekile anaendesha. Sikuwahi kumwona. Anashika usukani kama anavyoshika mwiko, haukazi, hauachii. Mashimo anayaomba radhi, yanasogea. Tunashuka katikati ya migomba, tunapita kitongojini, tunazipita nguzo za umeme ambazo zimesimama ghafla na kujifanya zilikuwa zinatembea. Fundi Mwambene anatupungia ubao. Juu yetu ufa wa mbingu unajishona kila tunapopita, kwa sababu gari liko pande zote mbili na mbingu haijui imfuate nani.

Naona mzee amekaa mbele kidogo, na sikio lake liko upande wa injini. Kwenye kilima cha kwanza amenong'ona, "Gia ya pili," na gia ya pili imeingia wakati huo huo. Kwenye kilima kingine hajanong'ona.

Ndipo tunafika kona ya daraja. Wa kwetu wanaijua. Barabara inashuka, inakata kushoto bila kuaga, na daraja halina kingo. Tusekile anaingia na mwendo. Si mwendo mbaya, ila ni wa mtu anayewahi Alhamisi. Gari linalala upande, mzee analala juu yangu, ule ubavu wa mwavuli uliovunjika unachana nailoni ya siti yangu, chraaa, kuanzia kiunoni mpaka mgongoni, na mkungu nyuma kwenye bodi unataja majina ya marehemu wote wa ukoo wetu.

Tunavuka salama.

Mzee ananigeukia. "Mama Anyosisye," anasema, "mwambie pale kona apunguze."

Nafungua mdomo nimwambie. Sauti haitoki. Mimi ni ukuta. Najaribu kugeuka upande wa Tusekile, kuta hazigeuki. Nimebeba maneno ya watu hawa miaka yote, na leo yamefika kifuani kwangu yamegota hapo.

"Mwambie," anasema mzee tena.

Sisemi. Tusekile anatazama mbele. Mwavuli unatetemeka juu. Mzee anangoja, anangoja, halafu naona amesogeza mwavuli pembeni kidogo, amegeuza uso kule ambako hajawahi kuugeuza, na anafungua mdomo.

Nikaamka.

Kumeshakucha. Jogoo wa jirani amemaliza, wetu ndiyo anaanza. Nimelala chali katikati ya kitanda, mahali ambapo si pangu, mimi hulala ukutani. Mzee yuko pembeni amefumba macho. Na katikati yetu, juu ya blanketi, umelala mwavuli wake mweusi. Nimetazama nyuma ya mlango: msumari upo, hauna kitu.

Nikauchukua niurudishe. Kwenye ule ubavu uliovunjika kilikuwa kimenasa kipande cha nailoni, kirefu kama kidole, king'avu, kipya kabisa, nailoni ya viti vya gari. Ndani ya nyumba yetu hakuna kiti chenye nailoni.

Nikakaa nacho kiganjani.

Tusekile akaja nje ya mlango, akaweka chai chini, akakohoa. Lakini hakuondoka. Akaniambia kupitia mbao za mlango kwamba dada Vaileth wa Mbeya amepiga simu alfajiri. Pikapu imefika yadi. Ni nyeupe, kabini moja. Ila dada anaomba radhi sana, kwanza inanukia maziwa mabichi na wameiosha haitoki, na pale kwenye kifuniko cha tangi la mafuta rangi haijashika. Pili nailoni ya siti ya kati imechanika, wala hajui imechanikaje, gari halijapandwa na mtu. Anauliza kama tunalikubali hivyo hivyo au tubadilishiwe.

Nikamtazama mzee. Hakufumbua macho.

"Mwambie tunalikubali hivyo hivyo," akasema. "Alhamisi ni kesho."

Halafu akanyoosha mkono, akapapasa blanketi mpaka akaupata mwavuli, akauvuta kwake.

"Na mwambie," akasema, "pale kona ya daraja apunguze. Kwingine kote anaendesha vizuri."

Nikafungua mdomo niyapeleke, kama siku zote.

Nilichelewa. Nyuma ya mlango nilisikia kikombe kinawekwa sawa juu ya sahani, taratibu, halafu sauti ambayo haijawahi kupita mlango ule kwenda kwa mzee.

"Nimesikia, baba."